Alipiga Risasi Sauti: Uchambuzi wa Kisa cha Oscar Pistorius kwa Anayebeba Silaha ya Kujilinda

Usiku wa kuamkia tarehe 14 Februari 2013, katika nyumba moja ya Silver Woods, mtaa wenye ukuta na walinzi mashariki mwa jiji la Pretoria, kijana mmoja alisikia sauti tatu. Ya kwanza ilikuwa dirisha la bafuni likisukumwa. Ya pili, mlango wa choo ukibamizwa. Ya tatu, mbao zikisogea mle chooni. Baada ya hiyo ya tatu alifyatua risasi nne kwenye mlango uliofungwa.

Nyuma ya mlango alikuwemo Reeva Steenkamp, mwanamitindo wa miaka 29 mwenye shahada ya sheria, mpenzi wake. Risasi tatu zilimpata: nyonga, mkono, kichwa.

Aliyefyatua ni Oscar Pistorius. Miezi sita tu kabla ya hapo alikuwa London, akikimbia mita 400 katika Olimpiki kwa miguu bandia, dunia nzima ikimshangilia. Kesi yake ilirushwa moja kwa moja kwenye televisheni, na wengi wetu Afrika Mashariki tuliifuata siku kwa siku kama watu wa msiba wa jirani.

Sauti hizo tatu ni maelezo yake mwenyewe. Mwendesha mashtaka, Gerrie Nel, aliyakataa tangu mwanzo. Yeye alisema kulikuwa na ugomvi, na kwamba Pistorius alijua vizuri anampiga nani. Sitaingia huko. Katika uchambuzi huu namchukulia Pistorius kwa neno lake, kwamba aliamini kabisa kuna mwizi chooni. Nafanya hivyo kwa sababu wanafunzi ninaowafundisha kushika bastola hawaji kwangu wakiwa na nia ya kuua wake zao. Wanakuja kwa sababu wamevamiwa, au jirani kavamiwa, na usiku hawalali. Kwao maelezo ya Pistorius ndiyo yanayotisha zaidi, maana mtu anaweza kuwa na hofu ya kweli, na leseni halali, na bado mambo yakaishia pale.

Mara nyingi nasikia ikisemwa kwamba yule bwana hakufundishwa. Alifundishwa.

Sheria ya Udhibiti wa Silaha ya Afrika Kusini, namba 60 ya mwaka 2000, haimpi mtu leseni mpaka awe na cheti cha umahiri. Ili ukipate unakaa kwenye mtihani wa maandishi kuhusu sheria yenyewe, kisha unapimwa kwa vitendo namna unavyoshika, unavyojaza na unavyotoa risasi. Pistorius alikuwa na bastola ya Taurus ya milimita 9 aliyoimiliki kihalali kwa kujilinda, na alikuwa ameagiza silaha nyingine kadhaa. Mwezi Machi 2014 mfanyabiashara wa silaha aliyemhudumia, Sean Rens, alipanda kizimbani kutoa ushahidi, na majibu ya mtihani wa Pistorius yakapitiwa mbele ya Jaji Thokozile Masipa.

Majibu yalikuwa sahihi. Aliulizwa: umewakuta wezi wanabeba televisheni yako, unaruhusiwa kuwapiga risasi? Akajibu hapana, maisha yako hayapo hatarini. Je, kama wana silaha lakini kati yenu kuna geti la chuma? Hapana tena. Na kama wamevuka, wanakujia na silaha mkononi? Hapo ndiyo. Aliijua pia kanuni ambayo kila mwalimu wa silaha duniani huanza nayo, kwamba lazima umjue unayemlenga na ujue kilichopo nyuma yake.

Mtu aliyeandika majibu hayo kwa mkono wake ndiye aliyesimama bafuni gizani na kupiga mlango uliofungwa. Kisa chote nakiona kimekaa hapo. Jibu alilolipata kwenye karatasi halikuwahi kushuka likafika kwenye kidole.

Rens alisimulia jambo lingine ambalo kwangu ni zito kuliko mtihani. Alisema Pistorius aliwahi kumweleza jinsi alivyosikia kelele nyumbani kwake akachomoa bastola, akaanza kupekua chumba hadi chumba, na mwishowe akakuta ni mashine ya kufulia nguo. Pistorius mwenyewe alikuwa ameliandika tukio hilo Twitter mwezi Novemba 2012, kama jambo la kuchekesha, kwamba hakuna kama kurudi nyumbani ukasikia mashine ya kufulia, ukadhani ni mwizi, ukaingia stoo kwa mtindo wa kikomandoo.

Tulitazame tukio hilo kama mazoezi, maana ndivyo lilivyokuwa. Sauti ikasikika. Mkono ukaenda kwenye bastola. Miguu ikaelekea kwenye sauti. Hakuna aliyeumia, na moyo ukapata raha ya ushindi. Mwili hujifunza hivyo hivyo. Hauulizi kama unachorudia ni kizuri au kibaya. Hushika kile kilichofanyika na kikaisha salama. Miezi mitatu baadaye dirisha liliposikika, mwili ulikuwa tayari na somo lake: sauti, bastola, twende.

Rens alitumia neno la walimu wa silaha, kwamba Pistorius aliingia kwenye hali nyekundu. Rangi hizo zilienezwa na Jeff Cooper, askari mstaafu wa kikosi cha Marine cha Marekani aliyeanzisha chuo cha silaha huko Arizona miaka ya sabini. Nyeupe ni mtu asiye na habari, kama aliyelala. Njano ni mtu aliye macho, hana wasiwasi na chochote mahususi. Chungwa ni pale kitu fulani kimekushtua na unataka kujua ni nini. Nyekundu ni pale umeshajua, na uko tayari kupambana kama huyo uliyemjua atafanya lile unalolihofia. Wanafunzi huzikariri rangi hizi kwa dakika kumi. Kazi ni kukaa kwenye chungwa. Chungwa inachosha, kwa sababu inakutaka ubaki na hofu bila kuifanyia chochote isipokuwa kuuliza: nani? yuko wapi? watu wangu wako wapi? Siku ya mashine ya kufulia Pistorius aliiruka chungwa, na tarehe 14 Februari akairuka tena.

Kati ya siku hizo mbili kuna ya tatu. Tarehe 11 Januari 2013 alikuwa mgahawani Melrose Arch, Johannesburg, na marafiki, mmoja wao bondia Kevin Lerena. Rafiki mwingine alikuwa na bastola aina ya Glock. Pistorius akaomba kuiona. Ikapitishwa chini ya meza, na mwenye nayo akasema kwa lugha yao kwamba risasi iko chemba, yaani tayari kufyatuliwa. Mara ikalia. Risasi iliingia sakafuni, ikamkwaruza Lerena kidole cha mguu. Wateja walikuwa wamejaa, na watoto wakiwemo. Rafiki akakubali kubeba lawama mbele ya wenye mgahawa, kwa kuombwa.

Mahakamani Pistorius alisisitiza hakukivuta kifyatulio. Mtaalamu wa silaha wa polisi, Chris Mangena, alieleza kwamba bastola ya aina hiyo haifyatuki bila kifyatulio kuvutwa. Glock haina kile kitufe cha usalama cha pembeni ambacho wengi hukitegemea. Usalama wake umewekwa ndani ya kifyatulio chenyewe. Kidole kikiingia pale na kukibana, usalama umeshaondoka. Jaji alimkuta na hatia ya uzembe katika kosa hilo, akamhukumu miaka mitatu ya kifungo cha nje. Alisema mtu aliyefunzwa silaha kama yeye hakupaswa hata kuiomba katika mgahawa uliojaa watu.

Nataka tukae kidogo chini ya meza ile, kwa sababu hapo kila kitu kilionekana mwezi mzima kabla. Bastola ikitoka mkono kwenda mkono, anayeitoa hutoa magazini kwanza, anavuta slaidi nyuma, risasi ya chemba inaruka, anatazama kwa macho, kisha anapenyeza ncha ya kidole kidogo kuhakikisha ni shimo tupu. Ndipo anampa mwenzake ikiwa wazi. Anayepokea naye anarudia yote, hata kama ameyaona yakifanyika sekunde ile ile. Mdomo wa bastola wakati wote unaelekea mahali ambapo hata ikilia haitamgusa mtu. Chini ya meza hakuna mahali hapo. Kuna magoti, nyonga na miguu ya watu. Zaidi ya hayo, chini ya meza huwezi kuona chemba, kwa hiyo unategemea kuambiwa. Pistorius aliambiwa kwamba risasi iko ndani. Neno lilimfikia sikioni kama lilivyokusudiwa, na halikubadilisha chochote mkononi.

Sasa turudi chumbani.

Kwa maelezo yake aliamka, akaenda kuingiza feni zilizokuwa kwenye baraza la juu, akiwa kwenye vigutu vyake bila miguu bandia. Nyuma yake akasikia dirisha la bafuni. Akajua, au akadhani anajua, kwamba mtu ameingia. Dirisha lile halikuwa na nondo. Mafundi waliokuwa wakifanya kazi pale nyumbani walikuwa wameacha ngazi nje, na yeye alilijua hilo. Hofu ilimjaa. Alisema aliogopa hata kuwasha taa. Akachukua bastola chini ya kitanda, akapaza sauti kumwambia Reeva apige simu polisi, akaingia kwenye korido inayoelekea bafuni.

Hofu hiyo naiheshimu. Afrika Kusini wizi wa kuvunja nyumba watu wakiwa ndani si hadithi ya kutungwa, na mtu asiye na miguu usiku ni mtu ambaye hawezi kukimbia. Upande wa utetezi, ukiongozwa na wakili Barry Roux, uliliweka hili kwa uzito: mwenye miguu miwili akishtuka ana njia mbili, kukimbia au kupambana, na huyu alikuwa na moja tu. Ni hoja ya kweli. Lakini mwalimu wa silaha akiisikia anauliza swali lingine: kama huwezi kukimbia, kwa nini mpango wako ni wa kutembea kuelekea hatari? Mtu asiyeweza kukimbia ndiye hasa anayepaswa kujenga kila kitu juu ya kubaki pale alipo. Kitanda kati yako na mlango. Mgongo ukutani. Mdomo wa bastola kwenye korido, kidole nje ya kifyatulio, kimelala pembeni ya chuma. Simu mkono wa pili. Mwizi akitaka kukudhuru, aje yeye, apite kwenye ile korido, na umwone.

Na mpango wa namna hiyo huanza mchana. Ngazi inaingizwa ndani jioni. Dirisha lisilo na nondo linawekwa nondo au kufuli kabla hujawaza kununua risasi. Hayo nayo ni mafunzo ya silaha, ingawa hayana baruti. Nimeona watu wanalipa fedha nyingi kwa bastola huku mlango wa jikoni unafungwa kwa msumari uliopindwa.

Kisha kuna kitanda.

Waliokuwa wamelala pale ni wawili. Alipoinama kuichukua bastola, upande wa pili wa kitanda ulikuwa umbali wa mkono. Hakuugusa. Alimsemesha Reeva na hakusubiri jibu, na Nel alimbana juu ya hili saa nyingi: uliona nini kitandani? alijibu nini? kwa nini hukuhakikisha? Pistorius hakuwa na jibu lililosimama. Katika nyumba yenye watu wawili, sauti inayotoka bafuni usiku ni ya mmoja wao mara nyingi kuliko ya mtu mwingine yeyote. Mei 2004, huko huko Afrika Kusini, mchezaji wa zamani wa Springbok, timu ya taifa ya raga, Rudi Visagie, alisikia gari likiondoka nyumbani kwake kabla hakujapambazuka. Alilipiga risasi kwa mbali akidhani linaibwa. Ndani yake alikuwemo binti yake wa miaka 19. Waendesha mashtaka waliacha kumshitaki, na nchi nzima ilielewa kwa nini. Ni miaka tisa tu kabla ya Silver Woods. Kila mwenye bastola katika nchi ile alikuwa na nafasi ya kujifunza kutoka kwa yule baba.

Pistorius aliposimama kwenye mlango wa bafu, alikuwa bado hajamwona mtu. Mlango wa choo ulikuwa umefungwa. Akasikia mbao zikisogea, akadhani mtu anatoka. Alisema alifyatua kabla hajajua anafanya nini.

Taurus ile ni ya kufyatua risasi moja kwa kila mvuto. Risasi nne ni kidole kuvuta, kuachia, kuvuta, kuachia, mara nne. Kwa mujibu wa Mangena, ya kwanza ilimpiga Reeva nyongani, akaanguka kwenye rafu ya majarida iliyokuwa mle ndani. Kisha zikaja nyingine, na ya mwisho ilikuwa ya kichwa. Kati ya ya kwanza na ya pili palikuwa na nafasi, fupi sana, lakini ilikuwepo. Askari na raia waliofunzwa vizuri hufunzwa kutumia nafasi hiyo: piga, tazama, amua upya. Hilo halitokei kwa kuambiwa. Linahitaji mamia ya marudio, mpaka jicho lizoee kurudi kutafuta mtu kila baada ya mlio. Asiyefunzwa hivyo hufyatua mpaka hofu imuishie.

Na kuna jambo ambalo watu wasiowahi kupiga risasi ndani ya nyumba hawalijui. Bastola ya milimita 9 ndani ya bafu lenye vigae, bila vizibo vya masikio, inakuacha kiziwi kwa muda. Pistorius mwenyewe alisema masikio yalimlia hata asingeweza kusikia mtu akipiga kelele. Usiku ule alikuwa ametegemea masikio peke yake. Dirisha alilisikia, mlango aliusikia, mbao alizisikia. Hakuwasha taa, hakutumia tochi, hakuona kitu. Kisha kwa risasi ya kwanza akakiziba hicho kiungo kimoja alichokuwa akikitegemea. Kama aliyekuwa chooni alilia, alilia mbele ya mtu ambaye hakuwa tena na macho wala masikio.

Baadaye alivaa miguu bandia, akauvunja mlango kwa gongo la kriketi.

Nel aliwahi kuonyesha mahakamani video ya Pistorius akiwa uwanja wa shabaha, akilipasua tikiti maji kwa rivolva kubwa na wenzake wakifurahi. Utetezi ulikasirika, na kwa upande wa sheria sijui kama ilistahili kuonyeshwa. Kwa upande wa mafunzo inaeleza mengi. Tikiti maji limewekwa pale ili lipigwe. Halitembei, halina jina, hakuna uwezekano kwamba ni mtu wa nyumbani kwako. Anayefanya mazoezi ya tikiti maji na karatasi ya duara mwaka mzima anajifunza jambo moja tu, kwamba bastola ikinyanyuka jibu huwa ni kupiga. Hajawahi hata mara moja kuinyanyua, akaangalia, na kuishusha. Na katika maisha ya mtu anayejilinda, kuinyanyua na kuishusha ndiko kutakakotokea mara nyingi kama kutatokea chochote.

Mwanafunzi wangu mmoja, mfanyabiashara wa vipuri vya magari, alikuja akiwa tayari ni mlengaji mzuri. Kwa karatasi alinishinda. Nilimpa bastola ya plastiki ya mazoezi, nikazima taa, nikamweka mwisho wa chumba penye pazia lililofunga mlango. Nyuma ya pazia nikaangusha ndoo. Alinyanyua, akalenga vizuri kabisa, akabonyeza mara tatu.

"Nani yuko nyuma ya pazia?" nikamuuliza.

"Mwizi."

"Umemwona?"

Akanyamaza. "Nimemsikia, mwalimu."

Nikawasha taa, nikafunua pazia. Nilikuwa nimetundika pale sare ya shule na mkoba wa mtoto wa darasa la pili. Mzee yule alikaa chini sakafuni, na siku ile hatukuendelea.

Upande wa sheria nitaupita haraka, isipokuwa sehemu moja. Septemba 2014 Jaji Masipa alimkuta Pistorius na hatia ya kuua bila kukusudia. Alisema mshtakiwa alifanya haraka mno na kutumia nguvu kupita kiasi. Simu ilikuwepo ya kuita walinzi au polisi, na angeweza kukimbilia barazani akapiga yowe. Oktoba akampa miaka mitano. Desemba 2015 Mahakama ya Rufani ya nchi hiyo, kwa hukumu iliyosomwa na Jaji Eric Leach, ililibadilisha kosa kuwa mauaji. Adhabu ikawa miaka sita mwaka 2016, kisha Novemba 2017 ikapandishwa hadi miaka 13 na miezi mitano. Alitoka kwa parole, yaani kwa masharti kabla kifungo hakijaisha, tarehe 5 Januari 2024.

Sehemu ninayotaka mwenye silaha aisome polepole ni sababu za Mahakama ya Rufani. Majaji hawakusema alijua ni Reeva. Walisema haijalishi alikuwa nani. Yeyote anayefyatua risasi nne za bastola nzito kwenye choo kidogo, ambamo mtu hana pa kujificha, anaona wazi kwamba aliyemo anaweza kufa, na akiendelea kufyatua amekubali kifo hicho. Wanasheria wanaita dolus eventualis. Maana yake ni kwamba hata kama nyuma ya mlango angekuwepo mwizi kweli, jambazi mwenye rekodi, bado lingekuwa kosa. Hakuna aliyekuwa amemshambulia. Hakuna aliyekuwa amemtishia. Kulikuwa na mlango na sauti.

Na katika kueleza hilo majaji walitaja kwamba huyu ni mtu aliyefunzwa vizuri matumizi ya silaha. Wengi hudhani cheti ni ngao, kwamba siku ya kesi utakitoa mfukoni na hakimu ataona wewe si mhuni. Pale Bloemfontein, ilipo mahakama ile, cheti kilifanya kazi kinyume. Asiyefunzwa anaweza kusema hakujua. Aliyefunzwa aliandika mwenyewe, kwa kalamu yake, kwamba alijua. Kwa hiyo mafunzo nusu, yale ya kukupitisha mtihani na kukuacha hapo, yanakupa lawama zote za mtu mwenye ujuzi bila ule mkono unaojua kusubiri.

Ninapoulizwa ni mazoezi ya kiasi gani yanatosha, sina idadi ya kutoa. Naweza kusema ni ya aina gani. Bastola tupu nyumbani, risasi zikiwa chumba kingine, dakika chache kila siku, kidole kikilala nje ya kifyatulio mpaka uone aibu kikiwa kwingine. Tochi mkono wa kushoto, mwanga kwanza. Picha za watu badala ya duara, mmoja kashika simu, mmoja kashika panga, mmoja kashika mtoto, na mwalimu akizibadilisha bila kukuambia. Kuita kwa sauti kubwa na kusubiri, huku moyo unadunda kwa sababu umetoka kukimbia mizunguko mitano ya uwanja. Na watu wote wa nyumbani wakiwemo kwenye mazoezi, maana hakuna mpango wa kuwalinda watu ambao hawaujui mpango huo.

Yule mfanyabiashara wa vipuri alirudi wiki tatu baadaye, safari hii na mkewe. Tuliweka godoro chini, taa zikazimwa, na mke bila mume kujua akaenda kusimama nyuma ya pazia. Akaiangusha ndoo mwenyewe.

Nilimsikia mume akishtuka. Nilisikia mkono wake ukipapasa shuka upande wa pili wa godoro, ukaenda ukarudi, ukakuta patupu. Bastola ya plastiki ilikuwa bado chini, hajaigusa.

"Mama Salma!" akaita.

Akasubiri.

"Abee," mkewe akaitika kutoka nyuma ya pazia. "Niko huku."